Mwezi Unapoingia Nge

Swali (msomaji, Junju): Kwa nini wazee wa pwani waliahirisha arusi na safari mwezi ulipokuwa katika Nge?

Jibu: Katika falaki, yaani elimu ya nyota iliyoenea pwani kwa vitabu vya Kiarabu, njia ya mwezi hugawanywa katika manazili 28, ambayo ni vituo vya takriban usiku mmoja mmoja, na katika buruji 12, na ile ya Nge, ambayo mwezi huipita kwa siku mbili na kitu, ilihesabiwa kuwa ya nuksi. Sayansi haijathibitisha utabiri huo. Lakini mwezi huathiri bahari kweli: bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huonekana wazi yanapofunika mizizi ya mikoko, na elimu hiyo ya mwezi na maji yastahili kurithishwa.