Ada ya Dola 20 na Aya Ndefu Kuliko Zote



Ndugu zangu wanachuo, muhula uliopita niliona tangazo la shindano la makala fupi za kweli, maneno 1,000, kwa waandishi wanaoanza. Nilifurahi mpaka nilipofika mstari wa mwisho: ada ya kushiriki dola 20, na zawadi ya mshindi itatokana na ada hizo. Kwa mwanachuo wa hapa Juba dola 20 ni chakula cha siku nyingi, lakini rafiki yangu alikuwa tayari kunikopesha.

Nikakumbuka hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, inayohusu dau katika mambo matatu: mbio za ngamia, mbio za farasi na kulenga mishale. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim waliingiza humo mashindano ya elimu, kwa kuwa dini husimama kwa hoja pia. Wengi hawakukubaliana nao. Nami makala yangu ilihusu kuuza chai! Kila mmoja anaweka chake, mmoja anazoa vyote: sikuona tofauti yake na kamari. Nikaliacha. La pili halikuwa na ada, na zawadi ilitolewa na wafadhili wasioshindana. Nikaingia.

Nilidhani mtihani umekwisha. Niliandika habari za mama yangu, anayeuza chai soko la Konyo Konyo tangu turudi kutoka Kakuma, nilikojifunzia Kiswahili hiki. Ili makala inoge, nikamtia askari aliyempindulia birika. Birika lilipinduka kweli, ila lilipinduliwa na mbuzi. Tena nikaandika deni la chai la jirani yetu, kwa jina lake.

Usiku huo nilikuwa nikidurusu Suratul-Baqara, aya ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Inazungumzia kuandikiana deni. Mwandishi anaamrishwa aandike kwa uadilifu, na anayemtajia maneno ya kuandika ni mdaiwa mwenyewe, bila kupunguza kitu. Nilisimama hapo muda mrefu. Mwenye kubeba mzigo ndiye msemaji, na mimi nimeandika deni la mtu naye hana habari. Kujitetea kwamba ni kweli hakukunifaa, maana Mtume (s.a.w.) alifafanua, katika hadithi ya Muslim, kwamba kumtaja ndugu yako kwa analolichukia, nalo analo, ndiko kusengenya, kama hana, umemzulia. Askari wangu alikuwa uongo mtupu, na jirani yangu, kwa kuwa alikuwa kweli tupu, alikuwa usengenyaji.

Asubuhi nikamsomea mama kwa Kiarabu cha Juba. Akanikatiza: "Huyo askari umemtoa wapi, mwanangu? Si alikuwa mbuzi?" Tulipofika kwa jirani hakucheka. Akasema hilo si langu kuandika, wala yeye hana ruhusa ya kunipa. Yake mwenyewe akaniachia yote. Kisha akaniambia nisilolijua: mwenye mbuzi alikuja kesho yake na kilo ya sukari, akaomba radhi, na tangu hapo hunywa chai pale kila siku.

Makala nimeituma, maneno 840, mbuzi na sukari ndani. Majibu bado.