Dondoo muhimu: Kusali unga ukiumuka
Muda wa kusubiri unga uumuke ni muda wa sala uliokwisha kutengwa. Usiumalizie kwenye simu.

Anza na maji ya uvuguvugu: dondoshea matone upande wa ndani wa kifundo cha mkono, na yakikuchoma yaache yapoe, maana maji ya moto huua hamira. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano, vijiko viwili vya chai vya hamira vinatosha. Usizidishe ili uwahi, mkate utanuka hamira. Kanda dakika 10, funika bakuli kwa kitambaa chenye unyevu, kisha uache. Hapa ndipo penye hoja. Katika Mathayo 13:33 Yesu anaufananisha ufalme wa mbinguni na chachu iliyofichwa katika pishi tatu za unga, yaani kazi inayoendelea mkono ukishatoka. Basi usifunuefunue. Soma mstari huo, nyamaza, taja kwa majina watakaoula mkate.

Wapo watakaosema kwamba Paulo, katika 1 Wakorintho 5, anaifanya chachu mfano wa uovu. Ni kweli, na mifano yote miwili yasema kidogo huenea kote. Kwa hiyo jiulize pia ni kinyongo gani kinachoumuka ndani yako. Wengine watasema jikoni si mahali pa ibada, ilhali Ndugu Lawrence, mtawa Mkarmeli wa Paris katika karne ya 17, alisali miaka mingi kati ya masufuria. Ukibonyeza unga na kishimo kikarudi polepole, finyanga, weka katika kopo lililopakwa mafuta, uuache uumuke tena kabla ya kuoka.