Kupanga Siku kwa Mfanyakazi wa Eastlands

Miongozo mingi ya kupanga siku huanzia alfajiri. Kwa mkazi wa Kayole, Umoja au Dandora anayefanya kazi katikati ya jiji la Nairobi, huko siko kwa kuanzia. Saa yako ya kuamka imekwisha kuamuliwa na Barabara ya Jogoo: ukichelewa kidogo, magari yamefungana na nauli imepanda, na mvua ikinyesha ndiyo usiseme. Saa iliyo mikononi mwako ni ya kulala. Panga hiyo kwanza.

Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba angalau. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi matatu basi azime taa saa nne usiku. Hapo ndipo penye ugumu, maana mechi nyingi za Klabu Bingwa Ulaya huanza saa nne au saa tano usiku kwetu. Hatukukatazi mpira; chagua usiku mmoja na ukubali gharama yake. Anayeishi karibu na kituo cha Makadara, Dandora au Embakasi Village aulizie ratiba ya treni ya abiria, kwa kuwa treni haikwami kwenye foleni na huenda akaongeza usingizi asubuhi.

Jambo la pili ni maji, na hili waandishi wa ratiba nzuri nzuri hulisahau. Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi hutoa ratiba ya mgao kwa kila mtaa. Ijue siku ya mtaa wako, na siku hiyo usijipangie mengine jioni: ni ya kufua na kujaza mitungi. Maji yakija usiku wa manane, wapangaji wa ploti moja wapeane zamu, mmoja akeshe na wengine walale. Ndani ya nyumba pia zamu ziwepo. Mama aliyeshinda kazini kama mumewe hana deni la kuamkia mfereji peke yake kila wiki.

Mazoezi yasikusumbue sana. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Anayetoka Maringo au Hamza kwa miguu hadi Industrial Area, mwendo wa haraka wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, kwa siku tano ametimiza dakika 300. Anayeketi ofisini ashuke vituo viwili kabla ya kwake, ila achague njia yenye watu na taa.

Chakula cha jioni kisiwe cha kuanza upya kila siku. Chemsha maharagwe au githeri ya siku mbili tatu kwa mara moja, ukaange kidogo kidogo.

Mwisho ni mapumziko, na hapa usijilaumu kuwa mvivu. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na kifungu cha 28 kinakupa likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Siku hiyo moja usiijaze vikao vya chama, harambee na matanga yote ya ukoo. Mwajiri akikunyima, mkumbushe kwa maandishi, ubaki na nakala. Asiposikia, ipeleke kwa afisa wa kazi.