Mlima Sekenke na Thamani ya Stesheni Wagoni

Barabara itokayo Singida kwenda Nzega huteremka Mlima Sekenke hadi tambarare za Wembere. Mteremko huu ni darasa zuri la fizikia, kwani ndipo thamani ya gari hupimwa kwa haki. Somo hili lalinganisha stesheni wagoni mbili, na kueleza ni sehemu ipi istahiliyo kuboreshwa kwanza.

Magari yenyewe

Peugeot 504 ya miaka ya 1970 ilijengwa kwa ajili ya kubeba: ekseli yake ya nyuma ilikalia springi nne, na injini yake haikuwa na turbo. Subaru Legacy GT-B ya 1996, yenye gia za mkono, ilijengwa kwa ajili ya kasi: injini ya lita 2 na turbo mbili ilitoa nguvu za farasi 280, yaani kilowati 206.

Kupanda

Ichukuliwe kuwa gari lenye kilo 2,000 pamoja na abiria na mizigo lapanda mita 8 kwa kila mita 100 za barabara, kwa kasi ya kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde. Uwezo unaohitajika ili kushinda mvutano wa ardhi ni:

2,000 × 10 × 20 × 0.08 = wati 32,000

Ukijumlisha ukinzani wa hewa na wa tairi, hesabu yafikia kilowati 42 hivi. Hii ni sehemu moja tu ya tano ya uwezo wa Legacy. Faida ya turbo ni kwamba hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 10 katika mita 1,000 za kwanza juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hudhoofika, na yenye turbo hufidia upungufu huo.

Kushuka

Gari hilo likishuka kimo cha mita 100, hutoa nishati ya jouli 2,000,000. Iwapo nishati yote itaingia katika sahani za breki zenye kilo 25 za chuma, ambacho kila kilo yake huhitaji jouli 450 ili kupanda nyuzi 1 ya Selsiasi, joto litaongezeka kwa nyuzi 178. Joto hili husafiri hadi kwenye oili ya breki. Oili ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji, yaweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Mvuke hubonyea, oili haibonyei. Basi pedali huzama na gari halisimami. Kwa hiyo dereva mwangalifu huteremka kwa gia ndogo, ili injini ibebe sehemu ya kazi.

Hitimisho

Kuongeza shinikizo la turbo ni rahisi, lakini kasi ikipanda kutoka kilomita 80 hadi 113 kwa saa, nishati ya mwendo huwa maradufu. Fedha itangulie kwenye oili, pedi na sahani za breki, kisha tairi na shokomzoba. Injini ifuate mwisho. Gari lenye thamani ni lile ambalo uwezo wake wa kusimama haupitwi na uwezo wake wa kwenda.

Maswali

1. Kokotoa ongezeko la joto iwapo sahani zina kilo 40.
2. Eleza kwa nini mzigo ukiongezeka, breki hupata joto zaidi.