Maeneo Mawili Yakiingiliana, Unalipa Mara Ngapi?

Tuseme unauza gesi pale Ngong Road na una vijana wawili wa boda. Mmoja anahudumia Kilimani, mwingine Woodley. Mtungi ukiagizwa, mfumo wako unaangalia nyumba iko eneo la nani, kisha unamtumia shilingi 100 kwa simu. Nyumba ikiwa ndani ya michoro yote miwili, umelipa 200 kwa mtungi mmoja. Na pesa ikishatoka, unajua mwenyewe kazi ya kuirudisha.

Kama ramani yako iko kwenye PostGIS, iulize mapema. Wengi hukimbilia ST_Overlaps kwa sababu ya jina lake. Hapo pole pole! Hiyo inasema ndiyo pale tu maeneo yanapogawana sehemu huku kila moja likibaki na sehemu yake peke yake. Ukimwongeza kijana wa tatu, wa mitaa ya karibu na Yaya Centre tu, eneo lake limo lote ndani ya Kilimani. Jibu? Hapana. Lakini kila nyumba ya hapo inalipiwa mara mbili. Hata mchoro mmoja ukiingizwa mara mbili kwa bahati mbaya, bado utajibiwa hapana.

ST_Intersects nayo hukubali kila kitu. Maeneo yakigusana kwa nukta moja tu, ni ndiyo. Kilimani na Woodley zikipakana katikati ya barabara utaambiwa zinakutana, na ni kweli, ila hakuna anayeishi katikati ya Ngong Road. Kwa hivyo toa zinazogusana mpakani tu:

SELECT a.jina, b.jina
FROM maeneo a JOIN maeneo b ON a.id < b.id
WHERE ST_Intersects(a.umbo, b.umbo)
AND NOT ST_Touches(a.umbo, b.umbo);

Hiyo a.id < b.id inazuia eneo kulinganishwa na lenyewe, na jozi moja kutokea mara mbili.

Ukitaka ukubwa wa sehemu yenye utata, tumia ST_Area(ST_Intersection(a.umbo, b.umbo)::geography). Usiache hiyo geography: ramani ya longitudo na latitudo bila hiyo hukupa nyuzi za mraba, namba isiyokusaidia. Ukiiweka unapata mita za mraba. Mita chache ni mkono uliteleza ukichora, rekebisha tu. Ikiwa ni mtaa mzima, zima malipo ya otomatiki ya hapo kwanza, halafu keti na vijana wako. Pengine wameshagawana wenyewe zamani.