Ukukwi na Utata wa Jina: Nyoka wa Kijani wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Makala haya yanachunguza tatizo la kimsamiati ambalo gharama yake huweza kuwa uhai. Katika miembe, minazi na mikorosho ya Likoni, Kisauni na viunga vya Changamwe huishi nyoka wa kijani wa spishi mbalimbali, na mara nyingi wote huitwa ukukwi. Kamusi hazimsaidii sana msomaji, kwani wembamba na ukijani ni sifa za wote.

Wasiodhuru ni wa jenasi ya Philothamnus: wembamba, macho makubwa, walao vyura na mijusi. Wanaofanana nao ni wawili. Dendroaspis angusticeps ana sumu kali, kichwa kirefu na jicho dogo. Mkubwa wake hukaribia mita mbili. Jina lake la kimataifa, mamba, lenye asili ya Kizulu, haliazimiki kwa urahisi, kwa kuwa Mswahili ana mamba wake mtoni. Wa pili ni Dispholidus typus, yaani boomslang, mwenye kichwa kifupi, magamba yenye matuta na jicho kubwa mno. Dume lake aghalabu ndilo la kijani; jike huwa la kahawia.

Hapa ndipo penye mtego. Anayeshika kanuni ya jicho kubwa atamhesabu boomslang miongoni mwa wapole, na anayepima kwa urefu atadanganywa na kinda la Dendroaspis, ambalo hulingana na Philothamnus mzima. Hata mabingwa huteleza. Mnamo Septemba 1957, huko Chicago, Karl Schmidt, mtaalamu mashuhuri wa nyoka, alipelekewa boomslang mchanga ili amtambue. Alisita kwa sababu ya gamba moja lisilogawanyika, akaumwa, hakutafuta tiba, na kesho yake akafariki.

Sumu ya Dendroaspis hushambulia neva; ya boomslang huzuia damu kuganda, na dalili zake huweza kuchelewa kwa saa nyingi, mgonjwa akidhani amepona. Viuasumu vyao pia ni tofauti: kile cha boomslang hutengenezwa peke yake, Afrika Kusini. Kwa hiyo anayefika zahanati na kusema ameumwa na ukukwi hajamwezesha tabibu kuchagua. Afadhali aeleze umbo la kichwa, ukubwa wa jicho na urefu, kama alivyoviona kwa mbali, bila kumfuata nyoka mtini. Na hata akiamini alikuwa Philothamnus, abaki chini ya uangalizi wa tabibu.