Insulini Bila Friji

Chupa ya insulini ambayo haijafunguliwa inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Uliyokwisha kuianza haina madeko hayo: aina nyingi hudumu takriban wiki nne, mradi joto lisipite nyuzi 25 au 30. Karatasi ya dawa ndiyo itakayokwambia kiasi hasa. Andika tarehe kwenye lebo siku ileile ya kufungua. Kesho utakuwa umesahau.

Kinachosumbua ni joto la nyumba ya bati. Tafuta vyungu viwili visivyopakwa rangi, kimoja kiingie ndani ya kingine na kubaki nafasi ya vidole viwili. Jaza mchanga hapo, umwagie maji asubuhi na jioni. Chupa itie kwenye kopo lenye mfuniko, ikae ndani, kisha funika kwa kitambaa kibichi na uweke kivulini penye upepo. Maji yanapokauka huondoka na joto. Dodoma, kwenye hewa kavu, chungu hiki kinafaa sana. Tanga au Mombasa wakati wa masika hakifui dafu. Tena hakifikii baridi ya friji popote, kwa hiyo akiba ya miezi iombee nafasi zahanati, uchukue chupa mojamoja.

Wenye friji nao waiepushe na friza. Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka.

Kabla ya kuvuta dawa, tazama. Ile ya rangi ya maziwa izungushe taratibu viganjani, usiitikise. Ikibaki na mabonge, itupe. Ile angavu ikiingia ukungu, itupe pia. Na sukari ikipanda bila sababu, ishuku chupa kabla hujausingizia ugali. Usiongeze dozi kwa kubahatisha. Fungua chupa nyingine, uulize kliniki.

Safarini, mkoba wa insulini usiingie kwenye buti la basi. Upakate, ukiwa na kipimo, maji, na vikaratasi vya sukari, kila kimoja vijiko vitatu vya chai. Ukianza kutetemeka na kutokwa jasho, pima. Kipimo kikisoma chini ya 4 (mmol/L), koroga sukari yote ya kikaratasi kimoja kwenye maji kidogo unywe, usingoje kufika stendi. Huna kipimo? Kunywa hivyohivyo. Baada ya dakika 15 pima tena. Ikiwa bado chini, rudia. Ikishapanda, kula ndizi au kipande cha muhogo, maana sukari ya maji haikai.